Kupunguza gharama za harusi Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka mingi jamaa na majirani wakiwa na harusi huniita kushika daftari la matumizi, mjini Unguja na kwetu Pemba. Kwa hivyo maswali haya nayasikia kila msimu, na karibu yote huulizwa mambo yakishachelewa: mchele umeshanunuliwa, ukumbi umeshalipiwa, baba wa biharusi keshakopa. Nimeyaandika ili mtu ayasome mapema, pale posa inapokubaliwa tu.

Nililojifunza kwenye daftari ni kwamba harusi inakula kwa siku na kwa vichwa. Kila siku ya shughuli inayoongezwa ina wali wake, mapambo yake na nguo zake, na kila kichwa kinachoongezwa hula katika kila siku hizo. Anayehangaika kutafuta kadi za bei rahisi na siku zake za shughuli ni tano bado hajapunguza kitu. Swali likigusa jingine nimetaja namba yake.

## Mwanzo: kipi cha lazima na kipi ni ada

1. Ndoa yenyewe inahitaji nini hasa?

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi visiwani, ndoa inataka mume na mke wasiozuilika kuoana, ridhaa yao, walii wa mke, mashahidi wawili, tamko la kuoza na kukubali, na mahari. Yote hayo hukamilika msikitini baada ya Alasiri, watu wakala halua, wakanywa kahawa, na Magharibi ikawakuta wako makwao.

Walima (karamu ya ndoa) ni sunna, nao hauna kiwango cha ufahari. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, na walima wa Mtume mwenyewe alipomuoa Bi Safiyya ulikuwa wa tende, samli na jibini kavu. Begi (vitu anavyopelekewa biharusi na upande wa mume), hina ya ukumbini, jukwaa, sare na video ni ada na mapenzi. Si mabaya, na mimi ni mtu wa kupenda harusi, lakini yote hayo yanapungua bila ya ndoa kupungua chochote.

Kitu kimoja usikibane: cheti. Hakikisha anayeozesha ana ruhusa, na ndoa inasajiliwa. Zanzibar siku hizi kuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, unaosajili vizazi, vifo, ndoa na talaka. Ada yake si ya kuumiza, na mwanamke akifika mbele ya Kadhi kudai haki yake, cheti hicho ndicho kinachomsemea.

2. Pesa inakwenda wapi zaidi?

Kwenye madaftari yangu chakula ndicho cha kwanza, karibu kila mara. Kinafuata ukumbi na mapambo, halafu begi, halafu nguo na dhahabu. Picha, kadi na keki huja mwisho, ingawa kwenye vikao ndizo zinazogombaniwa saa nzima.

Tatizo ni kuzidisha. Nyumba ya mke ikiwa na hina, nikaha na kupamba biharusi, na nyumba ya mume ikiwa na kupeleka begi, mapokezi na walima, hizo ni karamu sita kwa ndoa moja, na nusu ya wageni ni wale wale.

3. Nani analipa nini?

Ada hutofautiana nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Kwa kawaida upande wa mume hutoa mahari na begi na kufanya walima. Upande wa mke hubeba siku ya nikaha, shughuli ya wanawake na mara nyingi vyombo vya ndani. Usidhani wenzenu wanafuata kama mnavyofuata nyinyi.

Mtumeni mshenga mtu mzima mwenye maneno mazuri, aende mapema. Nakumbuka mzee mmoja Chake Chake aliyetumwa kwa mjomba wa biharusi, akaanza hivi: "Bwana mkubwa, vijana wetu nia yao kubwa lakini mfuko wao mdogo. Tumekuja tushauriane kama watu wa nyumba moja." Mjomba akashusha pumzi, akajibu: "Alhamdulillahi, na sisi tulikuwa tukiona haya kuyasema." Kumbe nyumba mbili zote zilikuwa zikitishana kwa uwezo ambao hakuna aliyekuwa nao.

## Mahari, begi na dhahabu

4. Je, tunaweza kuomba mahari ipunguzwe?

Mnaweza, lakini muombeni mwenyewe. Mahari ni mali ya mke, si ya baba yake wala shangazi zake. Suratun Nisaa aya ya 4 inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na kinachobaki kwa mume ni kile tu mke anachomuachia kwa moyo mkunjufu. Mtume (S.A.W.) alimwambia sahaba asiye na kitu atafute japo pete ya chuma. Inajuzu pia sehemu ilipwe sasa na nyingine ibaki deni, mradi liandikwe.

Kilemba cha baba na mkaja wa mama si mahari. Ni heshima kwa wazazi, na mzazi mwenye huruma akiulizwa kwa adabu huisamehe au hupokea kidogo. Punguza hapo kabla ya kugusa haki ya mtoto wa watu.

Na jambo hili nalisema kwa uchungu, maana nimeliona mara nyingi: mahari isipikiwe wali. Wazazi hupokea pesa ya binti yao, wakanunulia mchele na mafuta wakitumai kurudisha, wasirudishe. Ikinunuliwa kitanda, kabati na vyombo kwa ridhaa yake, andikeni orodha, aweke saini, na karatasi abaki nayo yeye.

5. Begi lazima liwe na vitu vingapi?

Hakuna idadi. Zamani lilikuwa sanduku moja: doti za kanga, nguo chache, viatu, udi, manukato, liwa, na vitu vya mwanamke kujipamba. Leo nimeona mabegi matatu ya magurudumu, jozi kumi na mbili za viatu na mikoba ya kulingana nayo. Binti yule namjua. Miaka mitatu baadaye tulipohamisha vitu vyake, viatu vingi vilikuwa bado ndani ya maboksi, soli zimebanduka zenyewe kwa unyevu, hajavivaa hata siku moja.

Njia inayookoa pesa ni kumuuliza biharusi. Wifi mmoja mwenye busara akae naye, aandike anachohitaji kwa mwaka wa kwanza wa ndoa: saizi ya viatu, rangi anazopenda, baibui la kutokea, madira ya nyumbani. Kisha nendeni sokoni, Darajani au Mwanakwerekwe, siku ya kazi asubuhi, watu wawili tu. Wakienda saba, kila mmoja huongeza kitu ili asionekane bakhili. Kanga nunueni kwa wingi duka moja, muombe bei ya jumla.

La pili ni kuacha kuonyesha begi. Mashindano huzaliwa pale linapofunguliwa mbele ya wanawake mia na kila nguo ikainuliwa juu kwa vigelegele. Likipelekwa na watu wanne na kupokewa ndani na mama, hakuna wa kuhesabu.

6. Na dhahabu?

Azima kwenye ukoo. Ni ada ya siku nyingi na haina aibu: mkufu wa shangazi umewahi kupamba maharusi watano. Vipande vipimwe uzito kwa sonara, vipigwe picha, viandikwe mbele ya watu wawili, na virudi asubuhi ya pili. Mume anayetaka kutoa dhahabu yake atoe pete au bangili moja nzito. Seti nyembamba yenye vipande vingi inalipiwa ufundi mwingi, na siku ya shida sonara huinunua kwa uzito tu.

## Siku na wageni

7. Shughuli zipi tunaweza kuziunganisha?

Hapa ndipo penye pesa ya kweli, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Hina irudi nyumbani. Kupaka hina ni kazi ya mpakaji mmoja, somo (mwanamke anayemfunda biharusi), dada na mashoga wa biharusi, na mikono yenye haraka ya wadogo zake. Ilipohamia ukumbini ikazaa jukwaa, nguo maalumu, sambusa na katlesi za watu mia mbili. Ikirudi chumbani inarudisha na utamu wake: singo ya kusugulia mwili, asumini, nyimbo za mabibi, mazungumzo ambayo ukumbini hayasemeki.

Nikaha na wali viwe siku moja. Ozesheni baada ya Adhuhuri, watu wale mchana, wanawake wapambe biharusi baada ya Alasiri, na kabla ya usiku kuingia mke keshakwenda kwa mumewe. Ni siku nzito kwa wapishi, lakini ni siku moja: turubai moja, viti vya kukodi mara moja, usafiri mmoja.

Nyumba mbili zifanye walima mmoja. Hili gumu kwa sababu kila upande una majina yake ya kulinda. Nimeliona likifanikiwa pale nyumba zilipogawana kwa vitu: huku mchele na viungo, kule ng'ombe na kuni. Jina likabaki la wote wawili.

Fungate nayo mnaweza kuifupisha. Si lazima chakula kitoke kwa mama wa mke siku saba mfululizo. Siku tatu zinatosha kuwaonyesha maharusi kuwa wanapendwa.

Dada wawili wakiwa na wachumba kwa wakati mmoja, waozesheni siku moja. Hakuna akiba inayoshinda hiyo.

8. Tarehe gani ni nafuu?

Kimbieni Shaabani. Kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani, kwa hivyo wapishi, wapambaji na kumbi hugombaniwa, na bei za vyakula nazo huwa zimeanza kupanda kwa ajili ya mfungo. Mfungo Mosi, yaani Shawwal, nao una harusi nyingi. Mfungo Nne na Mfungo Tano (Muharram na Safar) huwa na nafasi zaidi.

Kumbukeni kuwa mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda, kwa hivyo mwezi uliokuwa mkavu miaka kadhaa iliyopita unaweza kuangukia masika. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo rahisi kwa kumbi na hoteli kwa sababu watalii wamepungua, lakini usithubutu kuweka turubai uwanjani mwezi wa Aprili. Mkiwa na ukumbi wa paa, masika ni rafiki yenu.

Pemba kuna hesabu ya ziada, karafuu. Watu wakishauza, mikono huwa mipana na kila kijiji kina harusi. Ukiwa wewe ndiye mwenye shughuli, mwezi kabla ya mavuno utapata mpishi mzuri kwa bei ya maelewano, lakini michango itakuwa midogo. Pimeni kipi kina uzito kwenu.

9. Tunapunguzaje wageni bila kuudhi mtaa?

Kwetu mtu hafukuzwi harusini, na mimi sitaki tufike huko. Tenganisheni baraka na chakula. Nikaha iwe ya wote: msikiti uko wazi, halua na kahawa kwa kila aliyekuja kushuhudia. Wali uwe wa walioalikwa. Akiulizwa mtu, ajibiwe kwa uwazi: "Nikaha karibuni nyote, chakula tumefanya cha nyumba tu." Watu hulielewa, na wengi hushukuru kwa sababu na wao wana mabinti.

Orodha iandikwe kwa nyumba, si kwa majina. Nyumba ya jirani yenye watu watano inakuja na watu watano. Usiandike "Bibi fulani" ukadhani atakuja peke yake. Anzeni na wazee wa ukoo, kisha majirani wa karibu, kisha marafiki wa maharusi, na simameni pale mchele unapoishia (swali la 11). Marafiki wa kazini wa mjomba na wateja wa shangazi ndio wanaoifanya 200 ikawa 500.

Msiwakate maskini wa mtaa ili muwapishe wenye magari. Imepokewa kwamba chakula kibaya kabisa ni cha walima wanaoitwa matajiri na wakaachwa mafakiri.

Kuhusu kadi: wazee waendewe kwa miguu, hodi, kitako, waambiwe kwa mdomo. Hilo halina gharama na ndilo wanalolikumbuka. Vijana ujumbe wa simu unatosha. Kadi za kuchapisha mnaweza kuziacha kabisa.

## Chakula

10. Biriani, pilau au wali wa nazi?

Biriani ndiyo heshima ya harusi yetu, na ndiyo ghali. Inataka mchele mrefu wa basmati, vitunguu vingi vya kukaanga, mafuta, samli, maziwa ya mgando, zafarani, na rosti yake peke yake. Pilau hutumia nyama ile ile, viungo tulivyo navyo visiwani, na mchele wa Mbeya unaikubali. Sijaona mgeni aliyetoka kwenye pilau nzuri yenye kachumbari na pilipili ya embe akasema hakula harusi.

Mkishikilia biriani, ipikeni mara moja tu, siku ya wali. Shughuli nyingine zote ziwe chai: visheti, vileja, kaimati, mkate wa kumimina. Vinapikwa na jamaa nyumbani, na vileja na visheti hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki nauheshimu sana kwa harusi ndogo ya watu hamsini, hasa mashamba ambako nazi si za kununua.

11. Watu 300 wanataka mchele kiasi gani?

Kadirio la wapishi ni kilo moja ya mchele kwa watu wanane hadi kumi. Kwa watu 300 ni kilo 30 hadi 38, yaani chini ya polo moja la kilo 50. Nimeona nyumba zikinunua mapolo matatu kwa hofu ya kuadhirika, na wali ukimwagwa asubuhi. Nyama, ikiwa na mifupa, hesabuni kilo moja kwa watu watano au sita: kilo 50 hadi 60. Ng'ombe akichinjwa hutoa takriban nusu ya uzito wake mzima, kwa hivyo ndama mnene anaweza kutosha, na hamna haja ya dume wawili.

Hesabu nyepesi zaidi ni ya sinia. Sinia moja hula watu watano, 300 ni sinia 60. Mpishi akipakua kwa sinia, mnajua wakati wowote zimetoka ngapi na zimebaki ngapi. Kwa sahani za kujipakulia mtu hujaza macho yake, na nusu hurudi.

12. Tukodi wapishi au tupike wenyewe?

Mpishi mkuu kodini. Wali wa watu 300 ukiungua hakuna wa kuurudisha. Lakini wasaidizi watoke mtaani: wanawake wachambue mchele na wamenye vitunguu na thomu usiku wa kuamkia, vijana wapasue kuni na makumbi na wabebe maji. Masufuria makubwa ulizeni msikitini au kwa majirani kabla ya kukodi.

Mpishi aandike mahitaji yake, na mnunuzi anunue kilichoandikwa. Funguo ya stoo ashike mtu mmoja mpaka mwisho. Pasipo na mwenye funguo, mafuta na sukari huisha kabla ya moto kuwashwa, bila mtu kukusudia ubaya.

## Ukumbi, nguo na ngoma

13. Ukumbi au nyumbani?

Nyumbani, ukiwa na uwanja, jirani mwenye ukumbi wa mbele, au skuli iliyo tayari kutoa uwanja wake siku isiyo ya masomo. Mwambieni sheha (kiongozi wa mtaa) mapema, na ahadini saa ya kufunga muziki.

Mkiamua ukumbi, ulizeni kabla ya kutoa shilingi: bei ni ya muda wa saa ngapi, na dakika zikizidi? Umeme ukikatika kuna jenereta, na mafuta yake ya nani? Tunaruhusiwa kuleta chakula chetu na mpambaji wetu? Viti vimo? Tukiahirisha, tunarudishiwa kiasi gani na kwa muda gani? Majibu yote yaandikwe. Sisi tuliwahi kulipa nusu ya ukumbi kwa harusi ya mtoto wa dada yangu kwa kuaminiana tu. Tarehe ikasogea wiki mbili kwa ugonjwa wa bibi, na pesa ikawa imekwenda, kwa kuwa hatukuwa na karatasi ya kudai nayo. Bibi mwenyewe alilia alipojua.

Mapambo: maua ya asumini na mawaridi ya bustanini, mikeka, mito na kanga nzuri ukutani hupendeza kuliko jukwaa la plastiki, na picha zake hazichakai.

14. Shela, joho na sare tufanyeje?

Shela ikodini. Ni nguo ya kuvaliwa muda wa saa nne tu. Joho la bwana harusi huazimwa kwa mjomba au rafiki. Kanzu na kofia ya viua ya mkono anunue zake, kwani atazivaa Iddi na Ijumaa miaka yote.

Sare ni gharama mnayowatwisha wageni. Dada asiye na kitu hukopa ili asionekane pekee aliyevaa tofauti. Mkitaka sare, chagueni doti moja ya kanga yenye jina zuri na bei ya kawaida. Baada ya harusi ataivaa, atambebea mwanawe, ataswalia. Kitambaa kinachong'aa cha kushonesha huvaliwa mara moja kisha kikafia kabatini.

15. Harusi bila taarab kubwa itakuwa baridi?

Kidumbak haijawahi kuifanya harusi baridi. Tangu zamani ilikuwa burudani ya wasioweza kulipa kikundi kizima cha taarab: fidla, sanduku la kupigwa kama besi, vidumbak viwili (ngoma ndogo), mkwasa (vijiti vya kugonga) na cherewa (manyanga). Watu wachache, usafiri wa gari moja, na wanawake huinuka kucheza kuliko wanavyoinuka kwenye vipaza sauti vikubwa. Wengine huchagua maulidi na dufu, na Pemba kuna vijiji ambavyo ngoma ya msewe hupigwa na jamaa wenyewe. Mkiwa na mwimbaji ndani ya ukoo, mmeshapata zawadi.

16. Mpiga picha na video?

Mpiga picha mmoja, kwa muda wa saa mbili: nikaha na kupamba. Wanawake wengi hawataki kuonekana kwenye video za mtandaoni, kwa hivyo kubaliana naye kwa maandishi kuwa picha za ndani ni zenu.

## Pesa

17. Tukope?

Hapana. Mkopo wa riba una dhambi yake, na hata usio wa riba huwakuta maharusi wakiwa hawana kitanda. Chezeni upatu. Watu 12 wakitoa shilingi 100,000 kila mwezi, kila mmoja hupata 1,200,000 mara moja. Uanzeni posa ikikubaliwa, ombeni zamu iliyo karibu na tarehe, na jamaa wawili watatu wa ukoo waingie kwa niaba yenu.

Kwa Pemba naongeza: msiikodishe mikarafuu ya familia kwa bei ya haraka ili mfanye harusi. Anayekodisha kwa shida hupewa bei ya shida, kisha msimu ukifika humuona mwenzake anapeleka magunia ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kutoka kwenye miti ya babu yake. Subirini mavuno, harusi isogee.

18. Michango na tunzo tuzitegemee?

Zisiingie kwenye bajeti. Zikija ziandikwe daftarini, jina na kiasi, kwa sababu ni deni la hisani. Siku yao mtarudisha. Kinachofaa kuliko pesa ni kuomba vitu: "Shangazi, wewe tubebee sukari." Mtu hutoa kwa moyo akijua kitu chake kitaonekana mezani.

## Mambo ya pembeni

19. Bwana harusi yuko Oman na hawezi kupata likizo.

Anaweza kumfanya baba au kaka yake wakili wake, akubali ndoa kwa niaba yake, kwa uwakala ulioandikwa na kushuhudiwa. Muulizeni mapema atakayeozesha anataka karatasi gani. Nikaha ifanywe sasa kwa halua, na walima ungoje siku atakayokuja. Msifanye karamu mbili.

20. Mume wa Unguja, mke wa Pemba. Boti inatumaliza.

Wavuke watu kumi hadi kumi na tano: wazee, mshenga, mashahidi, wanawake wachache wa kumchukua mke. Wengine wasubiri upande wa pili, na walima ufanywe huko tu. Kateni tiketi mapema, acheni siku moja ya akiba kwa ajili ya upepo, na mizigo mizito msiivukishe. Kitanda nunueni mahali watakapoishi.

21. Mchumba ni wa Bara na kwao wanataka kicheni pati na sendofu.

Wasikilizeni kwa heshima, ni mila za wenzenu na huwa na kamati yake ya michango. Kubalianeni kila upande ugharamie ya kwao, na nyinyi mpeleke wajumbe wachache. Msiige ya kwao juu ya yenu, mkajikuta na shughuli saba (swali la 7).

22. Nimeachika, naolewa tena. Nifanye harusi?

Ukitaka, fanya, ni furaha yako. Lakini hakuna anayekudai. Nikaha sebuleni, mashahidi, walii, chai na vileja. Mahari yako idai kama kawaida. Kuolewa mara ya pili hakuipunguzi.

23. Msiba umetokea wiki ya harusi, na vitu vimeshanunuliwa.

Mara nyingi wazee huamua nikaha iendelee kimya kimya, bila ngoma wala kupamba, hasa ikiwa jamaa wameshavuka bahari. Mjane wa marehemu akiwa ndani ya nyumba ana eda yake, basi shughuli ihamie nyumba nyingine. Mchele na sukari haviozi. Ng'ombe anaweza kungoja au akachinjwa kwa hitma. Mpigieni mpishi, mpambaji na mwenye ukumbi siku ile ile, msingoje watu watawanyike, na hapo ndipo karatasi ya swali la 13 inapofaa.